Umesingiziwa kosa: useme hadharani sasa au usubiri?

Anayesingiziwa jinai hutamani kujieleza kwa watu usiku uleule, na hamu hiyo ni halali kabisa. Lakini kabla hujaandika chochote, angalia kesi iko hatua gani.

Kama polisi bado wanachunguza, nyamaza. Ukiwa uliwaambia ulifika nyumbani saa mbili usiku, kisha mtandaoni ukaandika "kwenye saa tatu kasoro", mwendesha mashtaka atakusomea sentensi zote mbili na kukuuliza ipi ya kweli. Asiye na hatia pia huchanganya saa, ila mbele ya hakimu mkanganyiko huo hufanana na uongo.

Ukiwa nje kwa dhamana, soma masharti mstari kwa mstari. Mara nyingi hukatazwa kuwasiliana na mlalamikaji au mashahidi, hata kupitia mtu mwingine, na chapisho linalowalenga linaweza kuhesabiwa vitisho, dhamana ikafutwa. Kwa makosa ya kingono, nchi nyingi zinakataza kumtaja mlalamikaji hadharani. Ukimtaja, hilo ni kosa jipya, na safari hii utakuwa umelitenda kweli.

Nguvu za siku za mwanzo zipeleke kwenye ushahidi. Kamera za usalama hurekodi juu ya picha za zamani, nyingine baada ya wiki moja tu, nyingine baada ya siku 30 hivi. Wakili aandike leo barua ya kuomba picha zihifadhiwe. Tunza risiti, tiketi na orodha ya simu zilizopigwa. Ujumbe ubaki kwenye simu yenyewe, maana picha ya skrini peke yake ni rahisi kupingwa. Wala usifute machapisho yako ya zamani, hata yanayokuaibisha: utaonekana unaharibu ushahidi.

Jina likishatoka na mwajiri anauliza, tamko fupi lililopitiwa na wakili linatosha: "Nakanusha tuhuma hizi. Wakili wangu anashughulikia suala hili na kwa sasa sitasema zaidi." Kisha usijibu maoni hata moja. Matamko mazuri mengi huharibikia hapo.

Mtu mwingine pia anaweza kukusemea. Richard Jewell, mlinzi aliyeshukiwa bila kushtakiwa katika shambulio la bomu la Atlanta mwaka 1996, mama yake ndiye aliyewalilia waandishi wa habari mwezi Agosti. Oktoba, barua ya mwendesha mashtaka ya kumwondolea shaka ilipotoka, Jewell mwenyewe akaitisha mkutano wa waandishi.

Mashtaka yakiondolewa, muulize wakili kama yanaweza kurudishwa, kwa sababu mara nyingi yanaweza. Mahakama ikikuachia huru, chukua nakala ya hukumu na uinukuu neno kwa neno. Usimwite mlalamikaji mwongo kama mahakama haikusema hivyo, asije akakushtaki kwa kashfa. Na kama tuhuma zilijulikana na watu kumi tu, wapelekee hao kumi nakala. Chapisho la hadharani litaliunganisha jina lako na kosa lile kwa kila atakayekutafuta mtandaoni, wakiwemo ambao hawakuwahi kulisikia.