Wanacheza huku wanahesabu?

“Sasa hao wenye ngoma yao, wanacheza huku wanahesabu?”

Mama mkubwa aliuliza hivyo Jumanne jioni huku akichambua mlenda, wala hakuinua uso. Mimi nilikuwa kibarazani na gitaa, nahesabu kwa sauti: moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Alianza kwa kuniuliza, “Unamdai nani, mwanangu?” Nikamwambia simdai mtu, mama, ni wimbo, unakwenda kwa mapigo saba. “Wa kwaya?” Hapana, ni ngoma ya Bulgaria, inaitwa rachenitsa, wenyewe huicheza harusini. Ndipo likaja hilo swali. Sikuwa na jibu. Akabeba ungo wake akaingia jikoni.

Liliniuma. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na huu wimbo nimeuhangaikia tangu mwalimu wangu wa gitaa aniwekee karatasi ya nota mbele. Nilitaka kumfuata jikoni nimweleze ugumu wake. Nyimbo zetu nyingi za kwaya ni nne kwa nne, au sita kwa nane zile za kuyumba, na mwili unazijua kabla vidole havijafika. Saba kwa nane inakunyang’anya pigo moja ulilolizoea. Mguu unashuka, kumbe wimbo umeshaanza upya.

Kuhesabu moja hadi saba hakufai, kwa sababu kila namba hapo ina silabi mbili. Mapigo saba yanageuka silabi kumi na nne, na ngoma hii inakimbia. Ndiyo maana mwalimu hugawa mbili, mbili, tatu, halafu anataka kila mtu ajitafutie maneno yake. Nikachukua “baba, mama, Dodoma”. Silabi ni saba kamili, ila Dodoma tunaikazia katikati, wakati wimbo unataka mkazo uje mwanzoni, pale kidole gumba kinapogonga uzi wa besi. Nikaacha, nikarudi kwenye namba.

Wiki ikaenda. Wakaguzi wamekuja shuleni wakaondoka salama, Jumamosi mdogo wangu kavishwa pete na wageni wametoka hadi Singida, na mimi katikati ya vigelegele nasikia: wanacheza huku wanahesabu? Nilijipangia majibu ya kila namna. Lingine kali, lingine la adabu.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamgeuzia. “Mama, ninyi mlipokuwa mnapiga ngoma ya muheme, mlihesabu?”

Akasimama kabisa njiani. “Tuhesabu nini? Unamsikiliza mwenzio anapoweka mkono.”

Alisema kwa upole, kama mtu aliyekuwa anangoja aulizwe. Hapo nikaelewa kwamba Jumanne hakunikosoa. Alikuwa anauliza kweli. Mwanamke aliyepiga ngoma ujana wake wote, ameibana katikati ya magoti na wenzake pande zote, alitaka kujua watu wa mbali wanachezaje. Na jibu lipo, zuri tu: hawahesabu saba. Wanakanyaga mara tatu, fupi, fupi, ndefu. Ile ndefu inazidi kila fupi kwa nusu yake, basi. Saba ni hesabu ya karatasi. Mguu unajua tatu.

Tulipofika nyumbani nikampigia makofi hivyo. Akavuta ndoo, akasikiliza kidogo, akaingia kwa kuipiga, na hakutoka tena kwenye mstari. Binti yangu akadakia kwa wimbo: “Baba, mama, bibi na! Baba, mama, bibi na!” Mkazo umekaa pote panapotakiwa, na ile “na” inakuvuta urudi mwanzo bila pengo. Nikashika gitaa. Nilikwenda ukurasa mzima wa kwanza mama mkubwa akiwa kwenye ndoo, na furaha niliyoisikia sijaipata kwenye gitaa tangu nilipoanza kujifunza.

Mwalimu amenipa la kutamani. Béla Bartók, mtunzi Mhungaria, alifunga Mikrokosmos, vipande 153 vya piano, kwa dansi sita za mapigo ya Kibulgaria, na ya mwisho kabisa inagawa nane kuwa tatu, tatu, mbili. Mgawanyo huo masikio yangu yanaujua tangu utotoni, kwenye muziki wa dansi wa redioni. Nikiimaliza rachenitsa, tutaipanga hiyo kwa magitaa mawili.

Ila mama mkubwa anataka kurudi Chamwino Alhamisi, kuwahi mtama kabla kweleakwelea hawajaingia. Mtoto wa jicho katolewa juzi juzi tu, na daktari amekataza vumbi na jua kali. Kuamia ndege ni kushinda shambani tangu alfajiri. Kaka alisema atatafuta vijana wa kumsaidia. Tangu jana namtafuta, simu yake haipatikani.