Milioni 48.5 kwa kisigino kilichokatika

Tanga, Jumapili usiku

Tarehe 25 Novemba 2013 Lakers, timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles, walimwongezea nyota wao Kobe Bryant mkataba wa miaka miwili kwa dola milioni 48.5. Alikuwa na miaka 35, na tangu Aprili hajacheza mechi hata moja kwa sababu kano ya kisigino cha kushoto ilikatika. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa kaptula ya shule ya msingi, ameamua wiki hii kwamba huo ndio mkataba wa kijinga kuliko yote iliyowahi kusainiwa Marekani, na ameniganda nao kijiweni pale Ngamiani mpaka wazee wa kahawa wakaanza kuuliza huyo Kobe ni mtoto wa nani.

Hoja zake kazipanga vizuri, lazima niseme. Mkataba ule ulihusu msimu wa 2014-15 na wa 2015-16. Katika mechi 164 za misimu hiyo miwili Kobe alicheza 101. Gawanya mwenyewe: dola laki nne na elfu themanini kwa kila mechi aliyoingia uwanjani. Msimu wa kwanza bega likamtoa Januari. Msimu wa pili alikuwa akipachika chini ya asilimia 36 ya mitupo yake, na Lakers wakamaliza na ushindi 17 na vipigo 65, rekodi mbovu kuliko zote tangu klabu izaliwe. Halafu mpwa akatoa karata yake kubwa: ligi yao, NBA, ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2015-16 kikomo kilikuwa dola milioni 70 kwa timu nzima, na mzee mmoja alikuwa amekalia milioni 25. “Mjomba, zaidi ya theluthi! Wenzake kumi na kitu wagawane makombo, halafu tunashangaa wanafungwa?”

Nikamwambia anywe kahawa kwanza, ikipoa haina maana.

Yeye anaanza kuhesabu Novemba 2013. Mimi naanza Aprili ya mwaka ule. Msimu wa 2012-13 Lakers walikuwa wamenunua majina makubwa, Dwight Howard na Steve Nash, mambo yakaenda kombo, na mpaka wiki za mwisho walikuwa wanahaha kupata nafasi ya mtoano. Kobe ana miaka 34, anatoa wastani wa pointi 27 kwa mechi, na kocha hampumzishi. Mechi baada ya mechi anacheza karibu dakika zote 48. Tarehe 12 Aprili, dhidi ya Golden State, anageuka kumpita Harrison Barnes, anaanguka, anakaa chini anakishika kisigino. Baadaye alieleza kwamba alijaribu kuivuta ile kano irudi chini kwa mkono. Akainuka, akachechemea hadi kwenye mstari, akatupa mitupo miwili huru, akafunga yote miwili, ndipo akatoka. Lakers walishinda usiku ule kwa pointi mbili.

Video yake bado iko mtandaoni, na nimemwambia mpwa aitazame miguu, aache kutazama mpira. Baada ya mtupo wa pili anarudi nyuma kwa kukanyaga kisigino tu, kama mtu anayepita juu ya sakafu ya moto. Yule ni mfanyakazi aliyeumia kazini, akifanya kazi ambayo mwajiri alimwachia aifanye kupita kiasi. Sasa wewe ndiye mwajiri. Utampa barua ya kumshukuru?

Kazini kwetu tuna fundi aliyefikisha 60, akastaafu, akarudishwa kwa mkataba. Sitataja karakana wala jina lake, mjini hapa tunajuana. Jenereta ikianza kulia vibaya, vijana wanakimbilia kufungua boliti. Yeye anachomoa bisibisi ndefu, anaweka ncha kwenye mwili wa mashine na mpini sikioni, anafumba macho, anahama sentimita kadhaa, anasikiliza tena. Kisha anasema beringi ya nyuma, na inakuwa beringi ya nyuma. Mkono wake unatetemeka siku hizi, hakazi nati mwenyewe, na asubuhi anachelewa. Vijana wananung'unika, na wana haki, maana kuna kitu kinaitwa ikama: nafasi zimehesabiwa, na maadamu mzee yumo, kuna kijana atabaki kibarua mwaka mwingine. Hela ya kumlipa si tatizo. Tatizo ni kwamba nafasi yake inatoka kwenye kapu lilelile la wengine.

Mpwa aliruka kwa furaha niliposema hivyo. “Si ndiyo ninachosema!” Ndiyo, lakini hakungoja nimalize. Kile kikomo cha mishahara si sheria ya asili kama bamvua na mafuriko. Wenye timu walikaa mezani na chama cha wachezaji wakakiandika. Na pamoja nacho waliandika kikomo kingine ambacho vijana wanakisahau: hata mchezaji mmoja mmoja ana dari. Mwenye miaka kumi na zaidi kwenye ligi anaanzia asilimia 35 ya kikomo cha timu, wa katikati 30, mgeni 25. Kwa hiyo yule bora kabisa, katika miaka yake bora kabisa, halipwi anachozalisha, analipwa dari. Kobe alichukua ubingwa mara tano, 2000 mpaka 2002 halafu 2009 na 2010. Lakers walisaini mkataba wa televisheni wa miaka 20 ulioripotiwa kupita dola bilioni 3, na waliusaini akiwa ndiye uso wa klabu. Jerry Buss aliinunua klabu mwaka 1979 katika biashara ya dola milioni 67.5 iliyojumlisha ukumbi, timu ya magongo ya barafuni na ranchi juu yake. Mwaka 2025 familia ilikubali kuuza sehemu kubwa ya hisa kwa hesabu iliyoipa klabu thamani ya dola bilioni 10 hivi. Katika hesabu hiyo mimi nashindwa kuiona milioni 48.5 kama wizi uliofanywa na mcheza kikapu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Stephen Curry, nyota wa Golden State, kwa sababu unapita nyumbani kwetu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa wa pili katika zoezi la timu kuchagua chipukizi kwa zamu, na timu ya Memphis. Curry akawa wa saba. Wengi hapa tunaijua nusu ya kwanza ya habari hiyo na tunaugulia ya pili. Lakini fuata pesa za Curry. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vinaumia kila mara, hivyo mwaka 2012 akasaini miaka minne kwa dola milioni 44. Ndani ya mkataba huo akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, akaleta ubingwa, timu ikashinda mechi 73 kwa msimu mmoja. Na kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo, Golden State wakapata nafasi ya kumsajili Kevin Durant mwaka 2016. Leo amepita miaka 35, msimu wa 2025-26 mshahara wake ulikuwa karibu dola milioni 60, na mwaka 2024 wakamwongezea mwaka mwingine wa milioni 62.6. Wapo wanaopiga kelele kwamba ni nyingi kwa umri ule. Ni nyingi, ndiyo. Nyingine zina miaka kumi zikisubiri kulipwa.

Mpwa akanileta kwa Dirk Nowitzki, kama nilivyojua ataleta. Mwaka 2014 Dirk alisaini Dallas miaka mitatu kwa dola milioni 25 tu, ili timu ipate nafasi ya kusajili wengine. Mfano mzuri wa uungwana, sikatai, na wazungumzaji wa redioni wanaupenda sana. Ila tuufuate mpaka mwisho. Nafasi aliyoiacha Dallas waliitumia kumpa Chandler Parsons milioni 46 kwa miaka mitatu. Goti lake likamwangusha, na katika miaka ile Dallas hawakuvuka hata raundi moja ya mtoano. Tim Duncan naye alikubali pungufu San Antonio, akachukua ubingwa wa 2014 akiwa na miaka 38. Tofauti ya wawili hawa haiko kwenye moyo wa kujitolea. Duncan alikuwa na Parker, Ginobili na Kawhi Leonard pembeni, na ofisi iliyojua inachofanya. Punguzo la mzee halisaidii kitu kama wanaolipokea hawajui kununua.

Na Lakers? Walikuwa na nafasi, hata baada ya kumlipa Kobe. Mwaka 2014 walimwita Carmelo Anthony, akabaki New York. Mwaka 2015 wakamwita LaMarcus Aldridge, akaenda San Antonio. Pesa ilikuwepo mezani, watu hawakuitaka. Halafu kuna kichekesho ambacho mpwa hakukifurahia: misimu ile mibovu ndiyo iliyowapa nafasi za juu za kuchagua vijana. Brandon Ingram walimchukua wa pili mwaka 2016, na mwaka 2019 wakampeleka New Orleans pamoja na Lonzo Ball na Josh Hart, wakapewa Anthony Davis. Mwaka 2020, ubingwa. Simaanishi mtu alipanga hivyo. Namaanisha tu kwamba wanaosema mkataba ule uliiua klabu wanatafuta maiti ambayo haipo.

Kuna jambo moja tu ambalo mpwa kanibana vizuri nalo, na ni la tarehe. Mkataba wa zamani wa Kobe ulikuwa unaishia kiangazi cha 2014. Kabla ya Julai hakuna klabu nyingine iliyoruhusiwa kumpa ofa. Lakers walikuwa na miezi saba ya kumwangalia akikimbia, akiruka, akitua. Hawakungoja hata wiki mbili. Walisaini Novemba 25, akarudi uwanjani Desemba 8, na Desemba 17 kule Memphis akavunjika mfupa wa goti. Alikuwa amecheza mechi sita. Hata huku, mtu akinunua pikipiki iliyotengenezwa injini huomba kwanza aizungushe mpaka Raskazone na kurudi. Watoto wa Buss walikuwa wamempoteza baba yao Februari mwaka uleule, na nadhani walitaka ulimwengu uone kwamba nyumba bado inaheshimu watu wake. Nawaelewa. Lakini heshima ingebaki ileile Aprili, daktari akiwa ameshasema lake.

Ukiniuliza kama Kobe alistahili, nasema alistahili, na dola zote. Ukiniuliza kama Lakers walijua wanachosaini, hapo naungana na mpwa.

Mechi yake ya mwisho niliitazama kwenye simu, bando likiyoyoma. Los Angeles ilikuwa jioni ya Aprili 13, 2016, Tanga ni alfajiri ya tarehe 14, adhana imeshapita, mke wangu anauliza kwa nini napiga kelele na chai haijachemka. Alitupa mara 50. Hamsini! Kocha yeyote wa mtaani angekutoa. Alifunga pointi 60, 23 kati ya hizo katika robo ya mwisho, wakawapiga Utah 101 kwa 96. Mpwa anaiita ubinafsi. Mimi naiita asubuhi ambayo nilichelewa kazini na sikujali.

LeBron James ni kesi nyingine, na nadhani kubishana kwetu kulianzia kwake hasa. Mwaka 2025 alichagua kubaki Lakers mwaka mmoja kwa dola milioni 52.6 na kuingia msimu wake wa 23, ambao hakuna mwingine aliyewahi kuufikia. Msimu uliotangulia alitoa wastani wa pointi 24 na akachaguliwa kikosi cha pili cha bora wa ligi, akiwa na miaka 40. Huyu haombi fadhila. Ila klabu tayari imeshachagua kijana wake, Luka Dončić, ambaye Agosti 2025 alisaini miaka mitatu kwa dola milioni 165. Mimi ningempa LeBron kama alivyopewa fundi wetu: mwaka, halafu mwaka, bei kamili kila mara, na kila kiangazi tunakaa tunaangalia magoti. Asipewe miaka mitatu kwa kuogopa kelele, na asiombwe ashushe bei kwa ajili ya sura nzuri.

Mpwa akauliza bei kamili ni ngapi. Nikasema milioni 50. Akasema 20. Muuza kahawa, ambaye hajawahi kuona mechi ya kikapu maishani mwake, akasema 35 na akataka tulipe vikombe vyetu kwanza.