Na mama yake aliisikia?

Swali hilo, kuhusu albamu ya mwimbaji mmoja wa hapa Japani, limenikaa tangu Jumatano usiku. Wala halikuwa swali la ugomvi. Mama aliliuliza kwa sauti ileile anayoniulizia kama huku mvua imenyesha, kisha akahamia kwenye bei ya mkaa.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua Jumatano ndiyo siku yetu ya simu. Mimi nimetoka kazini, yadi ya magari, Tanga bado ni mchana, mama ameshakula na Da' Mkubwa yuko jikoni anaosha vyombo kwa kelele ili nijue yupo. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kumweleza habari ya ile CD.

Niliipata Book Off, duka la vitu vilivyotumika, kwenye rafu ya bei ya kutupa, bado ina ule ukanda wa karatasi ubavuni ambao Wajapani wanautunza kama hati ya kiwanja. Fantôme, ya mwimbaji Utada Hikaru. Jalada ni uso tu, picha ya nyeusi na nyeupe. Niliichukua kwa ajili ya Hanataba o Kimi ni, wimbo uliokuwa ukifungulia tamthilia ya asubuhi ya NHK, televisheni ya umma ya huku, mwaka 2016, kwa sababu mzee wa ghalani kwetu huupigia mluzi akiwa anafunga betri. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba ni wa marehemu mama yake mwimbaji.

Basi nikamsimulia mama kwa mbwembwe zote. Kwamba Machi 10, 1999, akiwa na miaka 16, Utada alitoa First Love, ikauza zaidi ya nakala milioni 7 hapa Japani na mpaka leo hakuna albamu iliyoifikia. Kwamba mwaka 2010 alisema anapumzika muziki akaishi kama watu wengine, akaaga Desemba kwa maonyesho mawili pale Yokohama Arena. Akiwa bado mapumzikoni, Agosti 2013, mama yake akafariki. Miaka miwili baadaye akajaliwa mtoto. Septemba 28, 2016 ndipo ikatoka hii Fantôme, miaka minane tangu albamu yake ya Kijapani iliyotangulia, na mwenyewe akasema wazi kuwa ni ya mama yake. Tena mama mwenyewe alikuwa mwimbaji mkubwa wa enka, zile nyimbo za majonzi za Kijapani, Fuji Keiko, ambaye mwaka 1970 albamu zake mbili zilikalia nambari moja kwa kupokezana, wiki 37 mfululizo!

Nikanyamaza, nasubiri mshangao.

"Na mama yake aliisikia?"

"Mama, si alikuwa ameshafariki."

"Ehee."

"Ndiyo maana akaitunga."

"Haya. Mkaa huku haushikiki."

Basi. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, meli ya Dar imeondoka na magari yetu, bosi ametangaza anastaafu, mke wa kaka amejifungua pacha salama alhamdulillahi, lakini mimi nimeinama nyuma ya Noah nakagua kutu na kichwani naisikia ile "ehee". Mara naona aliuliza tu kama mtu yeyote anavyouliza. Mara naona alikuwa anamtetea mwenzake, kwa sababu mama naye aliimba kwenye maharusi kabla ya ndoa. Na mara, hasa usiku, naona nilikuwa naulizwa mimi. Humu ninamowaandikia mama yupo karibu kila mwezi. Mmemcheka, mmemwombea alipougua, kuna mmoja wenu alimtumia kanga. Yeye hajawahi kusomewa hata mstari. Anajua tu kwamba "naandika mambo yangu kwenye simu".

Nikawa naisikiliza albamu kwa jicho baya, kama vile imenikosea. Haikunisaidia kwamba ni nzuri. Nilitegemea matanga mwanzo mpaka mwisho, kumbe wimbo wa kwanza, Michi, una mdundo wa kuchezeka kabisa. Kilio kinakuja baadaye, kwenye Manatsu no Tooriame, piano na sauti, polepole, na wala hapaazi sauti.

Ijumaa nikachoka. Nikatafuta wimbo wa Fuji Keiko wa enzi hizo za 1970 nikamtumia mama kwenye WhatsApp bila neno lolote.

Jibu lake lilinikuta kwenye treni. Mwanzo ni jogoo na kimya. Halafu: "Heee! Huyu ndiye mwimbaji. Huyu anaimba na tumbo. Yule mwanawe ulonitumia siku ile ana sauti ya kubembelezea mtoto, simlaumu, kafiwa. Nitumie mwingine." Kwa nyuma Da' Mkubwa anasema, "Mama, huelewi hata neno moja," na mama anamjibu, "Nyamaza, nasikiliza." Nilicheka mpaka jirani yangu akahamia kiti kingine, na mimi nikaendelea kucheka hadi stesheni ya Shin-Yokohama.

Sasa ni mwendo wa kuagiza. Asubuhi anataka ule wa kwanza, jioni "ule anaokwaruza koo". Hamwiti Fuji Keiko, anamwita "mwenzangu". Nikamwambia mwenzake alikulia Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwenye baridi ambayo Tanga hawaijui, na mama yake alikuwa haoni, mpiga shamisen, ala ya nyuzi tatu, na binti akizunguka na wazazi wake akiimba ili wapate riziki. Mama akakaa kimya kidogo.

"Kumbe na yeye alikuwa na mama," akasema.

Akauliza alikufaje. Nikasema ni habari ndefu. Akasema muda anao. Hiyo bado sijamjibu, na sidhani kama nitaijibu kwa simu.

Fantôme nimempa mzee wa ghalani aende nayo nyumbani mwisho wa wiki. Alipokea kwa mikono miwili, akaukagua ule ukanda wa karatasi kwanza.

Wakati huohuo kuna barua ya wakala wa nyumba juu ya friji, nimeipita siku zote hizi kama siioni. Mkataba unaisha mwezi ujao, na ada ya kuuhuisha ni kodi ya mwezi mzima, juu yake bima ya moto. Hapo pacha wanangoja zawadi, na zawadi za pacha hazigawanywi. Anayejua kama hawa mawakala wanakubali kulipwa kwa mafungu aniambie kabla ya Jumatatu.