Dada anapiga debe, mimi nashika daftari

Leo tumefungua balo la mashati pale sokoni Karume, dada kapiga kelele toka asubuhi mpaka sauti ikamkauka, na mimi nimekaa zangu nyuma nakunja nguo naandika nani kachukua kwa mkopo. Mteja mmoja akaniuliza, "Kaka we bubu?" Dada akanijibia, "Huyo ndo benki yetu, muache."

Nimecheka ila limenikaa. Sisi wapole tunapenda kujifariji na ile ya debe tupu haliachi kuvuma. Sasa dada yangu ni debe lililojaa na bado linavuma, hapo inakuaje?

Kuna kazi niliwahi kufanya kabla ya mtumba, kwenye vikao nilikua na hoja naipanga kichwani vizuriii, mpaka nije nimalize kuipanga mwenzangu keshaisema nusu nusu na watu wanapiga makofi. Akapandishwa cheo yeye. Nilimnunia muda mrefu, baadae nikakubali tu kwamba hoja ambayo haijatoka mdomoni haina mwenyewe.

Haya maneno introvati (mkimya) na ekstrovati (muongeaji) yalienezwa na Carl Jung wa Uswisi kwenye kitabu chake cha 1921, na watu wengi wanayachukulia kama kabila, ukizaliwa huku huvuki. Ila mwaka 2013 kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Adam Grant, aliwafatilia wauzaji wa kwenye simu zaidi ya 300, nilidhani waongeaji ndo watakua wameuza kuliko wote, kumbe walioongoza ni wale wa katikati! Muongeaji sana anaweza kumpania mteja mpaka akakimbia, na mkimya sana ndo mimi, mteja anashika shati anageuza anarudisha na mimi namwangalia tu.

Nikajiona mimi na dada tumegawana huyo mtu wa katikati. Yeye anawaleta, mimi nakumbuka kwamba yule mama wa jana anataka saizi kubwa yenye mikono mirefu, namuwekea pembeni. Dada hakumbuki hata sura.

Tatizo keshokutwa anaenda harusini Tanga siku 3, niko peke yangu. Jioni hii nimejifungia chumbani najaribu, "buku tano shati, buku tano, chagua mwenyewe," nikamsikia mama sebuleni, "We nani unamnong'oneza huko?"