Mzinga wa meli uliofika Kondoa

Zaidi ya miaka 15 nimekuwa barabarani kati ya Dodoma na Kondoa, naenda na saruji, narudi na alizeti. Njia hii niliianza nikiwa utingo, kabla ya lami. Kukwama baada ya Mayamaya mvua zikiwa zimekolea nakujua: mnashusha mzigo gunia kwa gunia, mnachimba, mnakata matawi mnatandika chini ya tairi, giza likiingia mnalala hapohapo. Ndiyo maana kisa cha mzinga wa Königsberg hakinitoki kichwani.

Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Septemba 20, 1914 iliipiga Pegasus, manowari ya Waingereza, pale Zanzibar ikaizamisha, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliisaka miezi kadhaa. Mwishowe wakaleta Severn na Mersey, meli zinazoweza kupita maji ya kina kifupi, na Julai 11, 1915 Königsberg ikalala topeni. Lakini Wajerumani waliirudia, wakaifungua mizinga yake yote 10, na mafundi wa Dar es Salaam wakaitengenezea magurudumu.

Aprili 1916 askari wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer, waliiteka Kondoa Irangi. Walikuja na farasi, na farasi wengi wakafia njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. Mvua ikawakatia njia ya chakula. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaona hapo ndipo pa kuwapiga. Askari wake wakaletwa kwa treni hadi Dodoma, wakapanda Kondoa kwa miguu, na usiku wa Mei 9 akashambulia. Alishindwa. Ila kati ya mizinga iliyonguruma kwenye vilima vile ulikuwemo wa Königsberg. Mzinga wa baharini, Kondoa kwetu!

Mimi nahesabu kidereva. Mtutu wake ni mita 4 na zaidi. Risasi yake moja ni kilo 17 hivi, na risasi moja haipigani vita. Kutoka reli hadi Kondoa ni kilomita 150 na ushee, kwenye tope lile, bila winchi wala jeki. Kila nikipita najiuliza ni mabega ya akina nani. Wapagazi walichukuliwa vijijini, na pande zote mbili zilikula nafaka na ng'ombe wa wenyeji. Mwishoni mwa Julai van Deventer aliingia Dodoma. Ukame ukafuata, na kuanzia 1917 hadi 1920 Ugogo ukapigwa na njaa iliyoitwa Mtunya.

Nilimsimulia mama mkwe, Mgogo wa upande wa Mvumi, habari za mzinga huu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta uwele.

"Baba, huo mzinga siujui," akasema. "Mtunya ndiyo naijua. Bibi yetu alisema walikula mpaka mbegu."

Sikuwa na la kuongeza. Nikamsogezea ungo wa pili.

Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa ile Pegasus. Nimemwomba tajiri wangu safari ya mbaazi ya Mombasa mwezi ujao. Nataka niushike mtutu ule kwa mkono wangu, niupime kwa hatua, nikirudi nimweleze mama mkwe ulikuwa mzito kiasi gani.