Chupa ya mvuje

Jana jioni nilikuwa barazani kwa bibi, Mikindani, namwonyesha picha za kale kwenye simu. Tukafika kwenye mchoro wa New York, 10 Mei 1849: askari wamejipanga nje ya jumba la maigizo, moshi wa bunduki umetanda, watu wanaanguka.

Kisa ni waigizaji wawili, Edwin Forrest wa Marekani na William Macready wa Uingereza. Wote walicheza Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, na kila mmoja alikuwa na watu wake: makabwela kwa Forrest, wakubwa wa mji kwa Macready. Siku tatu kabla, Macready alirushiwa jukwaani mayai viza, viazi, viti, hata chupa ya mvuje.

“Mvuje?” Bibi akashtuka. Akaingia ndani, akatoka na kipande kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi, akaninusisha. Harufu ile, jamani! Nikamwona Macready amelowa nayo mbele ya umati.

Waliokufa usiku ule wa 10 Mei walizidi 20. Bibi akanyamaza, kisha akanisimulia beni, ngoma za mashindano alizohadithiwa na babake, vikundi vya Marini na Arinoti, sare zimenyooshwa pasi, vyeo vya kijeshi, tarumbeta, kila upande unataka kuufunika mwenzake. Hizo nilizipenda. Hii ya New York imeniuma.

“Waliokufa walikuwa wa upande gani, mjukuu wangu?”

Nikamwambia wengine walikuwa wapita njia tu. Akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akawa anawatafuta.