GDB ilinionyesha flashi isiyokuwemo kwenye chipu

Siku tatu nzima nilikuwa nasoma faili la kwenye laptop yangu nikiamini nasoma chipu. Chanzo ni mstari mmoja wa mipangilio ya GDB (programu ya kusaka hitilafu za programu) niliopewa kwa nia njema: "Weka hii kwenye .gdbinit, GDB itakimbia."

Chipu ni STM32F103C8, ile ya Blue Pill, flashi kilobaiti 64 kuanzia 0x08000000. Namba ya kurekebisha uzito wa mizani yangu inakaa ukurasa wa mwisho, 0x0800FC00. Niliitangaza `const uint32_t kipimo = 1000;` na skripti ya linka (faili linalopanga nini kikae wapi kwenye kumbukumbu) ikaipeleka huko. Ukibonyeza kitufe jiwe la kilo moja likiwa juu, programu inakokotoa namba mpya, inafuta ukurasa, inaandika. Ilikokotoa 1037. Nikisimamisha programu na kupiga `x/xw 0x0800FC00` (amri ya GDB ya kuonyesha kumbukumbu), naona 0x000003e8, yaani 1000 ileile. Na mizani nayo inapima kwa 1000!

Nikaandama uandishi. Funguo za kufungulia flashi ili iandikwe, 0x45670123 na 0xCDEF89AB, ziko sawa. Naandika biti 16 kwa mkupuo, maana F103 haikubali baiti mojamoja. EOP (alama ya kumaliza kuandika) inawaka, PGERR (alama ya kosa la kuandika) kimya. Nikatia vichelewesho huku na kule kama mpiga ramli, kisha nikanunua bodi nyingine, elfu kumi na ushei. Mwingine akanishauri nipige `stm32f1x unlock 0`, amri ya OpenOCD, programu inayounganisha kompyuta na chipu. Kama ulinzi wa kusoma umewashwa, amri hiyo inafuta flashi yote, kwa hiyo usiiguse ikiwa unachotafuta ndicho kilichomo ndani.

Mwishowe nikaiweka GDB kando, nikasoma kwa OpenOCD peke yake:

`openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f1x.cfg -c "init; reset halt; dump_image flashi.bin 0x08000000 0x10000; exit"`

`xxd -s 0xfc00 -l 16 flashi.bin`

`0000fc00: 0d04 0000 ffff ffff ffff ffff ffff ffff`

Baiti ya chini hutangulia, kwa hiyo 0d 04 ni 0x040D: 1037. Ilikuwa inaandikwa muda wote. Hizo ff ni nafasi iliyofutwa, haijaandikwa kitu.

Mstari wenyewe ulikuwa `set trust-readonly-sections on`. Unaiambia GDB kwamba sehemu za kusomwa tu hazibadiliki, basi izichukue kwenye ELF, faili la programu iliyokompailiwa lililo kwenye laptop. Kasi inaongezeka kweli, sibishi. Ukiwa ndani ya GDB na una shaka, piga `monitor mdw 0x0800FC00`. Hiyo inajibiwa na OpenOCD kutoka kwenye chipu.

Lakini mizani je? Hapo aliyenichezea ni kompaila. Kwa `-Os` (chaguo la kupunguza ukubwa wa programu) iliona `const` yenye thamani inayojulikana, ikaichomeka ndani ya maelekezo. `disassemble` ikanionyesha `mov.w r3, #1000`. Flashi haikusomwa hata mara moja. Nikaondoa kigeu, sasa nasoma `*(volatile const uint32_t *)0x0800FC00`, na nikikuta 0xFFFFFFFF natumia 1000.

Tena kila `load` (amri ya GDB ya kupakia programu kwenye chipu) ilikuwa inarudisha 1000 kwenye ukurasa ule, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya ELF. Kwenye skripti ya linka nimepunguza FLASH iwe `LENGTH = 63K`, na tangu hapo `load` haiugusi.